Uzi: Hoteli za mitaani Mombasa zimekwenda wapi? Mimi nasema ziliondoka na baraza

MwanaMajengo (mwanzilishi wa uzi)

Salaam wadau. Kila baada ya siku kadhaa ile picha ya kale ya Kilindini Road hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: zile pembe kubwa za ndovu za kuundwa juu ya barabara, magari mawili matatu, barabara tupu. Watu wanamwaga machozi chini yake, "Mombasa yetu", "zama za raha", halafu mazungumzo yanaishia hapo. Nataka leo tuende mbele kidogo, maana kuna jambo linanikera.

Zile pembe bado zipo. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ziara za watu wa ufalme wa Uingereza, na mpaka leo ziko Moi Avenue watalii wanazipiga picha. Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga 1593 na iko. Msikiti wa Mandhry uko. Marikiti iko. Vitu vikubwa havijatutoka. Vilivyotutoka ni vile vya chini, vya usawa wa macho: hoteli ya kona yenye meza sita, baraza aliyokuwa akikaa mama wa mahamri, mahali alipokuwa akitua muuza kahawa na dele lake.

Hoja yangu ni hii, mwenye kuipinga aipinge: hoteli za mitaani hazikufa kwa sababu watu wameacha kula mbaazi. Zilikufa kwa sababu nyumba zinazojengwa sasa hazina mbele.

Nyumba ya Kiswahili ya mtaa wa Majengo mnaijua. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani nyuma kuna jiko na choo, na mbele baraza. Ile baraza ilikuwa ya nyumba na ilikuwa ya mtaa. Asubuhi mama anauza, mchana watoto wanacheza, alasiri wazee wanakaa na bao lao, usiku muuza kahawa anapitisha finjani na kashata. Sasa ingia Majengo, shukia Bondeni, utazame kilichojengwa. Gorofa tano, sita, saba, na chini ni geti la chuma na magari, au duka la vioo. Mama atakaa wapi? Juu ya bodaboda?

Kuna hoteli moja ya Bondeni, jina naliacha kwa kuwa wenyewe wapo na sijawaomba ruhusa. Milango miwili ya mbao, ikifunguliwa kabla ya alfajiri na kufungwa baada ya Isha. Meza za fomaika ya kijani, zimemenyeka pembeni mpaka mbao zinaonekana. Mlangoni kabati la vioo: rafu ya juu katlesi, ya kati sambusa, ya chini mkate wa sinia umefunikwa wavu. Kwenye kona sinki la kunawa, na kipande cha sabuni ya mche kimetobolewa na kufungwa kwa uzi kisije kikatembea. Mhudumu haandiki kitu. Anasimama katikati na kupaza sauti kuelekea jikoni, "Mbaazi mbili, hamri sita, chai moja haina sukari!" Ukimaliza anakitazama kilichobaki mezani, anajumlisha kichwani, unalipa. Sikumbuki akikosea, na ukimbishia alikuwa tayari kukuhesabia mpaka ile sambusa uliyompa mtoto wa jirani.

Wateja wake: mahamali wa Marikiti, makarani wa mahakama, walimu wa madrasa, wenye maduka ya Biashara Street waliokuwa wakifungua kinywa kabla ya kwenda kutundika leso. Hakuna aliyekuwa na kiti chake. Ukimkuta wakili amekaa, unavuta kiti unakaa mbele yake na unamwomba chumvi.

Leo pale pana duka la simu. Sina ugomvi na mwenye duka. Nauliza tu, wale wote sasa wanakula wapi pamoja?

BintiKuze

Umenigusa, kakangu. Mama yangu aliuza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga Kuze. Na kwa kuwa watu huzungumzia "mahamri ya zamani" kana kwamba yalikuwa yakianguka kutoka juu, wacha niseme kazi ilivyokuwa.

Mbaazi huchaguliwa mchana na kulowekwa usiku. Unga hukandwa baada ya Isha: unga wa ngano, sukari, hamira, iliki ya kutwanga nyumbani, na tui badala ya maji. Donge linafunikwa kitambaa na kuwekwa karibu na jiko lililozimwa, lile joto la makaa yaliyobaki linaliumua polepole. Saa tisa usiku mama yuko macho. Mimi na dadangu tunakuna nazi kwa zamu, anayesinzia kwenye mbuzi anapigwa kofi la kisogo. Tui la kwanza linawekwa kando. La pili ndilo linalochemshia mbaazi. Lile la kwanza linatiwa mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na mwiko hautoki mkononi, kwa sababu likichemka kwa fujo linakatika: mafuta juu, maji chini, na siku yako imekwisha hata jua halijatoka.

Mahamri nayo yana kesi yake. Mafuta yakiwa hayajapata moto, hamri linayanywa na linakuwa zito. Yakizidi, linaungua nje na ndani bado ni unga. Mama hakuwa na kipimo, alitupa kichembe cha donge kwenye karai na kusikiliza. Watu wakitoka msikitini kwa sala ya alfajiri, karai iko barazani na bakuli zimepangwa.

Sasa suala la baraza. Mwenye nyumba hakuwahi kututoza hata senti kwa baraza ile. Ukipanga chumba, baraza unaitumia, mkielewana na wapangaji wenzako. Nyumba ikauzwa, ikabomolewa, tukahamia Kisauni. Mama alijaribu kuuza kule lakini haikushika. Wateja wake walikuwa watu wa miguu, anayetoka msikitini, anayekwenda Bandari ya Zamani, mtoto aliyetumwa na bakuli. Kule Kisauni asubuhi kila mtu anakimbilia matatu.

NyaliHadiMtwapa

Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini ruhusuni kijana aseme.

Nyumba hizo mnazozililia nimelala ndani yake, kwa nyanya yangu Majengo. Chumba kimoja watu saba. Choo kimoja cha uani kwa vyumba sita, usiku wa mvua unakipigia foleni na leso kichwani. Mabati yanavuja, nyaya za umeme zimefungwafungwa na karatasi za nailoni. Hakuna hata mmoja wenu hapa anayeweza kurudi kuishi vile. Nina hakika nusu ya wachangiaji wako kwenye gorofa zenye geti na maegesho, halafu wanataka Majengo ibaki vile vile ili wakija Ijumaa wapate pa kupiga picha.

Halafu chakula kipo! Viazi karai kila kona. Mwezi wa Ramadhani nenda Marikiti baada ya alasiri uone meza zilivyojaa kaimati, vitumbua, mkate wa mofa, sambusa, huwezi hata kupita. Sharbati ya miwa na tangawizi na ndimu inakamuliwa mbele yako. Hoteli ya kona ikifa inakuja nyingine ya kuku wa kukaanga na shawarma, na inajaa watu wale wale. Mnataka bei ya zamani, lakini kodi ilipwe ya sasa.

MwanaMajengo

Mdogo wangu, la choo sikupingi. Nami nimekipigia foleni.

Lakini umechanganya mawili. Sikusema nyumba zile zisibomolewe. Nimesema ziliposhuka, zilizopanda hazina mbele. Gorofa inaweza kuwa na baraza. Nani amekataza? Ramadhani ni mwezi mmoja, na zile meza zinawekwa barabarani, kwenye njia ya magari, kwa sababu hakuna pengine. Mbaazi za BintiKuze zilikuwa za kila siku.

SalimRoad

Wanangu, Digo Road sisi tukiiita Salim Road, na nitaendelea kuiita hivyo mpaka nizikwe. Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Mama Ngina ilikuwa Azania Drive. Majina hayanisumbui sana, jina hubadilika na barabara ikabaki.

Mmesahau kitu kimoja kikubwa: sinema. Naaz, Regal, Majestic, Moons, Lotus, na Kenya pale Nkrumah Road. Hoteli nyingi za mji zikiishi kwa sinema. Onyesho la jioni likikatika katikati watu wakimiminika nje kwa soda na bhajia. Onyesho la mwisho likitoka, mishkaki iko tayari juu ya makaa, na moshi wake ukikungoja mlangoni. Kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao la filamu za Kihindi, mabuibui barabara nzima, na wauza karanga na mabuyu wakijua siku hiyo ndiyo siku. Familia nzima ikitembea usiku kutoka mjini kurudi Mji wa Kale au Tudor kwa miguu, na njiani mkila.

Kisha zikaja kanda za video miaka ya themanini, watu wakakaa majumbani. Sinema moja ikifungwa, hoteli tatu zinafuata. Sikumbuki mtu akisema "video imeua mishkaki", lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa hivyo mwenye uzi, baraza ni sehemu ya habari, si habari yote. Watu wenyewe waliacha kutembea usiku.

Na kama mnataka kulia sawasawa, basi lieni toroli. Kabla ya magari, mabwana wakubwa wakisukumwa na watu juu ya vigari vya reli, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Reli zikang'olewa. Sidhani waliokuwa wakisukuma walitoa chozi.

BintiKuze

Ami SalimRoad, shikamoo. Hiyo ya toroli nimecheka peke yangu ndani ya tuktuk, dereva kanigeukia.

SalimRoad

Marahaba mwanangu. Ukifika ukumbuke kumlipa.

MlajiMkuu

Nyote mnaandika insha na hakuna aliyetaja majina. Blue Room pale Haile Selassie, tangu 1952. Sambusa zake, aiskrimu, watoto wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kigiriama, wote na sare za shule. Nimemaliza.

KibokoniNdani

Blue Room ni hoteli ya mjini, kakangu, si ya mtaani. Ukisema mtaani sema Recoda ya Mji wa Kale, jioni, samaki wa kupaka na chapati. Sema Island Dishes hapa Kibokoni. Sema Tarboush pale Makadara ukitaka mkate wa mayai.

MlajiMkuu

Na Singh ya Mwembe Tayari je? Au nayo ni ya mjini?

KibokoniNdani

Mwembe Tayari ni stendi. Stendi ni nchi nyingine.

HamaliMstaafu

Hizo mnazotaja zote ni za wenye nguo safi. Sisi tuliobeba magunia Marikiti tulikuwa na mama zetu wa nyuma ya soko. Muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga wa jana aliyechemshwa tena kwenye rojo ya ndimu na pilipili, chai ya rangi. Ukikosa pesa, anaandika kwa mkaa ukutani. Jina langu lilikaa kwenye ukuta ule mpaka ukuta ukapakwa rangi. Sijui deni liliondoka na ukuta au linanidai mpaka leo.

MlajiMkuu

Ukuta huo ulipakwa lini? 2018?

HamaliMstaafu

Ndiyo hapo hapo.

KibokoniNdani

Kwa wasiokumbuka: 2018 lilitoka agizo la Kaunti kwamba majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Wenye kupenda wakapenda, na kweli mji ulisafika. Lakini mbele ya nyumba yetu kulikuwa na kibao kilichochorwa ukutani kwa mkono, cha hoteli iliyofungwa zamani: birika inatoa moshi, kikombe, na maandishi "Karibu Chai na Vitafunio". Mchoraji alikuwa na mtindo wake, herufi zote zina mkia. Mwenye jengo aliagiza mafundi wapake, wakapaka juu yake asubuhi moja, bila mtu kupiga hata picha. Watu wanasema majengo yamehifadhiwa. Ni kweli, ukuta upo.

MtuWaReli

Nimekaa kimya nasoma. Niongeze la kwangu, maana huku kwetu sababu si baraza wala video.

Nimefanya kazi karibu na stesheni ya zamani miaka mingi. Gari moshi la Nairobi likiingia asubuhi, abiria wamechoka, wana njaa, wana mizigo. Wanatoka mlangoni, wanavuka, na hoteli za pale na za Mwembe Tayari zinawangoja na chai ya maziwa, mahamri, mayai, maini. Muda wa saa moja tu asubuhi uliweza kulipa mshahara wa wahudumu. Mwaka 2017 ikaja reli mpya, SGR, abiria wakawa wanashukia Miritini, nje ya kisiwa. Anayefika pale usiku anapanda matatu moja kwa moja mpaka nyumbani au hotelini ufukweni. Katikati ya mji hapiti.

Na upande wa malori ni vivyo hivyo. Makontena yalipohamia kwenye reli, madereva wakapungua, na mama ntilie wa Changamwe na Miritini na kuendelea mpaka Mariakani waliopikia madereva wakafunga majiko. Hawakuwa na nyumba za kihistoria wale. Walikuwa na vibanda vya mabati. Hakuna picha zao za rangi ya kahawia zinazozunguka WhatsApp.

NyaliHadiMtwapa

Hii nimeielewa kuliko zote. Shukrani mzee.

FundiBoriti

Najenga. Nimejenga baadhi ya gorofa mnazozitukana hapa, kwa hivyo nisomeni kwa subira.

Kwanza ardhi. Majengo na mitaa mingi ya kisiwani, aliyekuwa na nyumba hakuwa lazima na ardhi. Nyumba yake, ardhi ya mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi akifariki, warithi wako kumi na wanane, wengine Muscat, wengine Toronto, wanataka kugawana. Wanauza. Mnunuzi anawafidia wenye nyumba, au wanapelekana mahakamani, mwishowe nyumba inashuka. Aliyenunua ametoa pesa nyingi na anataka zirudi. Akiangalia mchoro, baraza ni futi sita za ardhi zisizolipiwa na mtu. Anaikata.

Pili, hata mkinishawishi nichore hoteli chini ya gorofa, mwenye jengo atakataa. Hoteli ina moshi, inahitaji dohani mpaka juu ya paa. Ina mitungi ya gesi chini ya familia ishirini. Ina mafuta yanayomwagwa kwenye mabomba, na mabomba yakiziba, ghorofa ya kwanza ndiyo inayopata maji machafu. Duka la simu linahitaji soketi mbili. Wewe ungempangisha nani?

Tatu, na hapa nami nina uchungu wangu. Mji wa Kale umelindwa kisheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni eneo la kama hekta 72, na kubadilisha nyumba kunahitaji kibali. Watu wanadhani nyumba za kule zinaanguka kwa uzee. Nyingi zinauawa na matengenezo. Ukuta wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu. Ukuta ule unapumua: unyevu unaingia, unatoka. Anakuja fundi wa haraka, anapiga lipu ya saruji nje na ndani kwa sababu inang'aa. Unyevu unanaswa katikati. Chumvi inapanda, chokaa inageuka unga, ncha za boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Miaka michache ukuta umetoa tumbo. Kisha mwenye nyumba anasema ni hatari, ibomolewe, na wakati huo ana haki, ni hatari kweli. Chokaa ingemgharimu muda, kwa sababu inapigwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka lingojewe likauke. Hakuna anayetaka kungoja.

MwanaMajengo

FundiBoriti, sasa nieleze. Zile futi sita ukiziacha wazi mbele, bila hoteli, bila dohani, ni kibaraza tu cha saruji na kivuli juu, mwenye jengo anapoteza nini?

FundiBoriti

Gari moja au mbili za maegesho, na kanuni zinataka maegesho. Na atakuambia wezi watakaa pale usiku.

SalimRoad

Zamani tukikaa wenyewe, mwizi hana nafasi.

MswahiliLeicester

Niko Uingereza mwaka wa kumi na kitu. Huku mtaani kwetu kuna duka la Mzanzibari linauza mahamri yaliyogandishwa kwenye barafu. Tunayapasha moto. Sisemi zaidi. Endeleeni, nasoma kila neno.

MlajiMkuu

Yaliyogandishwa? Pole sana ndugu yetu.

TudorNne

Mbona hamzungumzi kuhusu Mama Ngina? Pale ndipo hoja ya mwenye uzi inapoonekana wazi. Zamani unaegesha gari uso baharini, mwenye karai ya mihogo anakuja mpaka dirishani, muhogo wa kukaanga umepasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu, watoto nyuma wanagombania madafu, meli inaingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma jina lake. Mwaka 2019 pakatengenezwa, pakawekwa njia za miguu, taa na vibanda vya kupangwa, na sherehe ya Siku ya Mashujaa ya mwaka huo ikafanyiwa pale.

Mimi nasema pamekuwa bora. Wanawake wanakaa mpaka usiku, kuna taa, kuna vyoo. Mume wangu anasema muhogo wa kwenye kibanda hauna ladha. Nimemwambia ni muhogo ule ule, mafuta yale yale, kinachokosekana ni vumbi. Hatujaelewana.

HamaliMstaafu

Mumeo yuko sawa. Muhogo unataka upepo.

BintiKuze

Nataka kumjibu NyaliHadiMtwapa aliposema chakula kipo, kwa sababu nimelifikiria sana.

Kipo. Mtoto wa dadangu anapika mahamri yale yale ya mama, kwa mkono ule ule, iliki inatwangwa vile vile. Oda zinaingia WhatsApp usiku, anapika alfajiri, bodaboda wanapanga foleni nje ya geti. Anapata pesa kuliko mama alivyowahi kuota. Namwonea fahari. Amewaandika wasichana wawili kazi na jikoni ana mashine ya kukuna nazi, hakuna anayepigwa kofi la kisogo.

Lakini oda yake inaanzia mahamri ishirini, na gharama ya bodaboda juu yake. Haiwezekani vinginevyo, haitalipa. Mama yangu alikuwa akiuza hamri moja. Moja! Mtoto anakuja na sarafu, anapewa hamri moja na mbaazi za kijiko kimoja juu yake, anakula amesimama, anaenda shule. HamaliMstaafu hapa angekula mawili na bakuli na kuandikwa ukutani. Mtu wa hamri moja hayumo kwenye WhatsApp ya mpwa wangu. Hata simu ikiwa anayo, hayumo.

Kwa hivyo tukiuliza hoteli zimekwenda wapi, mimi jibu langu ni kwamba zimepanda. Zimepanda ghorofani, na kiingilio ni mahamri ishirini.

NyaliHadiMtwapa

Sawa dada. Hapo umenifunga mdomo, kwa leo.

Lakini nawe umekubali kuwa mpwa wako ana hali nzuri kuliko mama yako alivyokuwa. Kuamka saa tisa usiku kuuza hamri moja moja si raha, ni taabu. Isije ikawa tunalilia taabu ya wengine kwa sababu ilikuwa na harufu nzuri ya iliki.

BintiKuze

Umesema kweli. Mama mwenyewe ukimwuliza kama angetaka kurudi barazani, anakwambia miguu yake haitaki hata kusikia. Anachouliza ni watu. Fulani bado yuko hai? Yule wa bakuli la buluu, aliwahi kuoa?

MtuWaReli

Bakuli la buluu ni mimi? Nilikuwa na bakuli la bati la buluu, nilikuwa nikipitia Kuze asubuhi kabla ya zamu.

BintiKuze

Subiri. Nampigia simu mama sasa hivi.

MlajiMkuu

Wacha weee.

FundiBoriti

Tukingoja hiyo simu: kuna mteja wangu mmoja Bondeni tuko kwenye mchoro. Nimempelekea wazo la kurudisha ukuta nyuma futi nne na kuweka benchi la saruji chini ya kivuli cha ghorofa ya kwanza. Nimemwambia maduka ya ndani yatapata wateja zaidi watu wakiwa na pa kukaa. Hajakubali wala hajakataa. Ameuliza kama benchi linaweza kuwekewa vyuma watu wasilale.

MwanaMajengo

Mwambie waliolala kwenye baraza zetu walikuwa babu zetu baada ya chakula cha mchana.

BintiKuze

Mama anasema wa bakuli la buluu alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa akidai tui zaidi kila siku bila kulipa.

MtuWaReli

Nilikuwa mwembamba zamani. Mwambie shikamoo, na tui lake nitalilipa.

NyaliHadiMtwapa

Sasa mnisaidie mtu wa kizazi cha shawarma. Kuna mahali hapa kisiwani ninaweza kwenda Jumamosi nikakaa barazani, nikala hamri na mbaazi, bila oda?

KibokoniNdani

Yuko mama mmoja huku ndani ya Mji wa Kale, anakaa kwenye baraza ya nyumba ya ukoo wao. Mahali nitakutumia faragha, sitaki watu wa kamera wajazane pale. Fika kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Ukitaka za kwenda nazo beba bakuli lako, na usimtolee noti ya elfu.

NyaliHadiMtwapa

Anapokea M-Pesa?

KibokoniNdani

Namba imebandikwa mlangoni. Gari liache Makadara utembee, huku ndani hakuna pa kuliweka.